Mzazi, Mtoto Wako Anadurusu Vipi?

Maswali mengi niliyopokea safari hii yametoka kwa wazazi wenye watoto wa sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi 9. Wengi wenu mlisoma enzi za mfumo wa zamani wa 8-4-4 na mnahisi mtaala wa sasa umewafungia nje. Sikubaliani nanyi, na nitaeleza kwa nini.

Mwalimu, mimi niliishia darasa la nane. Binti yangu yuko Gredi ya 7 na nikifungua daftari lake la Sayansi sielewi kitu. Nitamsaidiaje? – Mama, Kayole

Mama, kufundisha ni kazi yetu walimu. Yako ni kumsikiliza. Jioni ukikata sukuma, mwambie afunge daftari akueleze alichosoma leo. Kwa nini sumaku inavuta msumari lakini haivuti sahani ya plastiki? Hata usipolijua jibu, utamsikia anapobabaika. Usimkemee hapo. Afungue daftari, aangalie, alifunge tena, aeleze upya kwa maneno yake.

Watoto wetu wengi hudurusu kwa kusoma ukurasa uleule mara tatu, mara nne. Wanazoea sura ya maneno, wakadhani wameyaelewa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Baadhi walivirudia kwa kusoma, wengine wakajaribu kuviandika kutoka kichwani. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikuwa mbele kwa mbali.

Kwa hiyo muulize binti yako leo, umuulize tena Alhamisi mambo ya Jumatatu, kisha wiki ijayo umrudishie swali lilelile. Kile kitendo cha kutafuta jibu kichwani ndicho kinacholishikisha somo. Unaweza kukisimamia hata kama hukuingia shule ya upili.

Mvulana wangu wa Gredi ya 9 hukesha na simu. Anasema wako kwenye kundi la WhatsApp wakisaidiana kazi ya ziada. Niamini? – Baba, Umoja

Huenda anasema kweli, lakini saa sita usiku si saa ya kusaidiana. Watoto wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na ni katika usingizi ubongo huimarisha yale yaliyosomwa mchana. Hesabu kurudi nyuma: akiamka saa kumi na moja na nusu awahi matatu, basi saa tatu na nusu awe tayari amelala. Kanuni za elimu ya msingi za 2015 nazo zinataka wanafunzi wa bweni wawe wamepumzika kuanzia saa hiyohiyo.

Simu ilale chumbani kwenu, baba. Na yako iweke hapo kando ya yake, asije akaona sheria ni ya mtoto peke yake.

Tunaishi watu watano katika chumba kimoja. Jirani naye hupiga muziki hadi usiku. Asomee wapi? – Mama, Mathare

Hapa nyumbani, tafuteni saa moja ambayo runinga inazimwa kwa kila mtu, hata kwa wageni. Hata akisoma kitandani, saa hiyo ikiwa ileile kila siku atazoea.

Jumamosi mpeleke maktaba. Mbali na McMillan iliyoko Banda Street tangu 1931, kuna matawi yake Kaloleni na Makadara, na tawi la maktaba ya taifa liko Buruburu. Ulizia kwanza saa za kufunguliwa. Zungumza pia na mwalimu mkuu kuhusu darasa moja kubaki wazi baada ya masomo. Wazazi wakienda wanne au watano, ombi hilo huwa gumu kukataa.

Nimlipie tuisheni likizo hii? Majirani wote wanalipa. – Mzazi, Donholm

Hapana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na mtoto aliyechoka hafaidiki nayo. Elewa pia jinsi alama za kuingia sekondari ya juu zinavyopatikana: mtihani wa KJSEA wa mwisho wa Gredi ya 9 ni asilimia 60, mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Kumwamsha mtoto Gredi ya 9 ni kuchelewa. Tathmini za miaka ya nyuma nazo zinahesabiwa.

Baba yake anamchapa akipata alama duni za Hisabati. Inasaidia? – Mama, Dagoretti

Haisaidii, inaumiza. Mtoto anayeogopa kuchapwa huficha karatasi ya mtihani, na karatasi hiyo ndiyo ingewaonyesha alipokwama. Kaeni nayo pamoja, mtafute kosa linalojirudia.

Mwalimu, niko Gredi ya 8. Mama huenda soko la Gikomba alfajiri na kurudi usiku. Nikitoka shule napika na kuwatunza wadogo zangu. Nikishika kitabu, nasinzia. – Msichana, Kariobangi

Binti yangu, wewe si mvivu. Umechoka.

Usingoje usiku. Kabla ya kutoka shuleni, kaa nusu saa na ufanye Hisabati, kwa maana hiyo ndiyo inayotaka kichwa kisichochoka. Andika maswali matatu ya masomo mengine kwenye kipande cha karatasi, uyajibu kwa sauti ukipika. Wadogo zako wakuulize. Watafurahia kuwa walimu. Mwambie pia mwalimu wako wa darasa hali ya nyumbani. Nina hakika wengi wetu tungependa kujua kabla ya kukuadhibu kwa kazi isiyokamilika.

Kisha Jumapili mama akipumzika, msomee ukurasa huu. Mama, nakuheshimu kwa jasho lako. Ninakuomba jioni mbili tu kwa wiki ambazo huyu binti hapiki. Kama kuna kaka yake nyumbani, naye aoshe vyombo.