Maswali na majibu: kahawa chungu, ndimu na watoto wa kona

Wiki hii karibu maswali yote yametoka kwa zile klipu za "saikolojia inasema" mnazofowadiana. Nimechagua manne.

Bwanangu hunywa kahawa bila maziwa wala sukari, na osuga (mboga ya managu) hataki iwekwe maziwa ndio uchungu ubaki. Nimesoma watu wa hivyo ni wakatili. Ni kweli? – Kondele

Hapana dada. Utafiti wenyewe upo, ni wa Sagioglou na Greitemeyer wa Innsbruck, Austria, ulitoka 2016, na waliohojiwa ni Wamarekani kama 950. Nimesema waliohojiwa, hakuna aliyeonjeshwa kitu. Mtu anajaza fomu vile anapenda vitu vichungu, halafu mtu huyo huyo anajaza tena vile tabia yake iko, uhusiano unaopatikana ni mdogo, na ikifika kwa simu yako imeshakuwa "wanywa kahawa ni wakatili". Osuga huku tunakula tangu utotoni, kuipenda ni mazoea, sasa fomu ya Mmarekani itampima bwanako vipi? Lakini kama anakupiga au anakutisha, hiyo usiingojee utafiti, tafuta msaada leo.

Ati introvati (mtu mkimya) akiwekewa ndimu ulimini anatoa mate mengi kuliko ekstrovati (mchangamfu)? Tunataka kuifanya klasini. – Mwanafunzi, Maseno

Fanyeni, lakini mchunge hitimisho. Mwanasaikolojia Hans Eysenck alidai ubongo wa introvati uko macho zaidi tangu mwanzo, kwa hivyo kitu kidogo kinaugusa sana, na majaribio ya ndimu ya miaka ya 1960 yalionekana kumuunga mkono. Sawa, lakini hiyo ni wastani wa kundi, huwezi kuirudisha nyuma useme huyu ana mate mengi basi ni introvati. Tena mate ni mate, si ubongo! Nani amekunywa maji saa hiyo, nani ana njaa, nani alimeza mate kabla ya kupima pamba iliyoyafyonza mdomoni? Na kama klasi nzima inajua jibu linalotarajiwa mmeharibu kabla ya kuanza. Eysenck naye msimmeze mzima mzima: 2019 chuo chake, King's College London, kilisema makala zake 26 za tabia na magonjwa kama kansa si za kuaminika. Za ndimu hazikuwa humo, ila jina kubwa si ushahidi.

Nilifanya testi ya tabia kwa simu ikanipata sawa kabisa. – Nakuru

Tena hili! Mwanasaikolojia Forer, 1948: wanafunzi wote walipewa maelezo yale yale ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, wakayapa wastani wa 4.26 juu ya 5 kwa kuwapata sawa. Kwa hivyo kukupata sawa si ushahidi kuwa testi inafanya kazi. Someni majibu ya nyuma kabla ya kuandika jamani.

Nina watoto wapole darasani, nataka kuwatenga kona ya kimya kwa sababu introvati husoma vizuri bila kelele. – Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, tafadhali usifanye hivyo. Mtafiti Geen mwaka 1984 aliacha wanafunzi wa chuo Marekani wachague wenyewe kiwango cha kelele: introvati wakachagua ya chini, ekstrovati ya juu, na kila mtu akiwa na aliyochagua walifanya kazi sawasawa. Kumbe kilichosaidia ni kelele inayomfaa mtu, na hakuna aliyepangiwa kona na mwalimu. Hao pia walikuwa watu wazima wa chuo, si watoto wa darasa la tatu wanaobanana dawati moja. Na wewe umejuaje hawa ni introvati, kwa sababu wananyamaza? Mtoto hunyamaza akiwa na njaa, akiwa anachapwa nyumbani, akiwa haelewi lugha unayofundishia, au hasikii vizuri, na huyo wa mwisho ukimpeleka kona ya nyuma umemmaliza. Anza na masikio, ongea na wazazi wampeleke hospitali akapimwe, na kwa sasa mlete akae mbele.