Prosesa kufika 100% baada ya kuhamia epoll

Kama matumizi ya prosesa yalipanda mara tu ulipotoa poll ukaweka epoll (zote ni njia za Linux za kusubiri soketi za mtandao ziwe tayari) chini ya OpenSSL (maktaba ya kusimba mawasiliano), anza na EPOLLOUT, alama inayoiomba epoll ikujulishe soketi ikiwa tayari kuandikiwa. Poll ulikuwa unaipa orodha upya kila mzunguko. Epoll inakumbuka ulichosajili mpaka ukibadilishe. Na soketi huwa tayari kuandikiwa karibu muda wote, kwa hiyo ukiiacha EPOLLOUT imewashwa, epoll_wait (wito wa kusubiri) inarudi papo hapo, tena na tena, bila kazi yoyote. Washa EPOLLOUT pale tu SSL_get_error inapokupa SSL_ERROR_WANT_WRITE (OpenSSL inataka kuandika ila soketi haijawa tayari), hali hiyo ikipita uizime. Hakikisha kwa strace -p (chombo kinachoonyesha miito ya programu kwa mfumo): ukiona epoll_wait zinamiminika, kila moja ikirudisha 1 na EPOLLOUT, umemkamata mwizi. Tafadhali usikimbilie EPOLLET, hali ambayo epoll inakujulisha mara moja tu soketi inapobadilika. Humo, usiposoma hadi OpenSSL ikupe SSL_ERROR_WANT_READ (hakuna cha kusoma kwa sasa), muunganisho utaganda kimyakimya, na hilo kulitafuta ni kazi zaidi.