Pango dogo kiwanjani: sisi tulivyolipima kwa tepu, dira na timazi

Mkuu mleta mada, umegusa kitu ambacho mimi nahangaika nacho mwaka wa tatu sasa, kwahiyo nivumilie ntaandika mrefu. Kwa ambao hawajasoma juu: jamaa anasema mjomba wake alikuwa anachimbisha shimo la choo kiwanjani, huko njia ya Bagamoyo, sururu ikazama, wakakuta tundu la mtu kupita kwa kujibana na ndani kuna kama chumba. Juu jiwe jeupe gumu, ubavuni na chini jiwe jekundu ukiligusa linamomonyoka. Anauliza analipimaje, analichoraje, na kama kuna dili.

Dili hamna. Naanza na hilo maana naona ukurasa wa kwanza tu watu washaanza mambo ya rupia za Mjerumani zilizofukiwa, mwingine anakwambia mtafute fundi wa mashine ya kupima madini. Mkuu, ukimleta huyo mtu baada ya wiki mbili huna pango, una shimo. Mimi nimeona eneo moja (sitaji) walivyolitoboa mpaka paa likashuka na hawakupata hata kifungo cha shati.

Sasa letu. Ni la mwelekeo huo huo wa kwenu, kutoka barabara kubwa unachukua boda kama dakika ishirini. Tulienda wanne, mimi, shemeji yangu, na vijana wawili tunaocheza nao mpira. Siku ya kwanza hatukupima chochote, tulienda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yeye akatupeleka kwa mzee mmoja Mzaramo ambae ndo anajua lile eneo toka hakuna nyumba. Shikamoo babu, marahaba wajukuu zangu, tukakaa mkekani, kahawa, stori, saa mbili zimeisha. Akatuambia pale watu walikuwa wanapeleka ubani na kitambaa, kwahiyo tusiingie na viatu chumba cha kwanza na tusipige kelele. Halafu akatuambia lile pango linatokea Bagamoyo. Chini kwa chini, kuna mbuzi aliingia huku akaonekana kule na ng'ombe nae nusura afuate.

Tukacheka kimoyomoyo. Ila hii stori kila pango la pwani linayo, Amboni pale Tanga watu wamekua wakisimuliwa kwamba linafika Mombasa, wengine wanakwambia Kilimanjaro, na mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walipolipima, pango refu kuliko yote pale likatoka kama mita 900. Ambazo ni nyingi sana kwa mtu anaetambaa lakini Mombasa hufiki.

Kuhusu mawe. Hilo jeupe la juu ni chokaa, ni jamaa wa hayo hayo ya Kunduchi wanayogonga kokoto, zamani yalikuwa matumbawe hai chini ya bahari. Angalia darini na tochi ya pembeni utaona magamba ya chaza na matumbawe yameganda kama maua, sisi tuliyaona na bahari iko mbali kabisa na pale. Jekundu ni jiwe la mchanga. Kuhakikisha usihangaike, beba ndimu. Kwangua kidogo kipande kilichokwisha kuanguka chenyewe, kamulia pale kwenye unga: chokaa inatoa povu, mchanga kimya. Letu lilitupa kitu cha katikati, jekundu likatoa povu kidogo halafu nikabaki na mchanga mtupu kwenye vidole, maana yake kilichokuwa kinashikisha ile michanga ni chokaa, na maji yakishaila hiyo chokaa mchanga unabaki hauna mwenyewe, unasombwa.

Na ndo pango lenyewe lilivyotokea. Mvua ikipita hewani na kwenye udongo inabeba kabonidayoksaidi inakuwa asidi hafifu, kama soda iliyochacha vile, inapita kwenye nyufa za chokaa inazitanua taratibu, ikifika kwenye jiwe la mchanga chini haishuki tena kwa urahisi, inatambaa pembeni na kuondoka na mchanga. Ndo maana mapango ya namna hii ni mapana na mafupi kwenda juu, dari bapa, kuta zimeliwa kwa ndani. Na ndo maana pia ni hatari kwa style yake, dari linaonekana limesimama imara kumbe linachosimamia ndo kinachomomonyoka. Usigonge kitu na nyundo. Usiegemee. Na usiingie masika wala vuli, sisi tunaenda Juni mpaka Septemba tu kukiwa kukavu.

Popo. Kama wapo, hapa sitanii, acha kwanza. Ugonjwa wa Marburg ulitokea Kagera mwaka 2023 na tena 2025 Biharamulo, na kirusi chake kinakaa kwa popo wa matunda, wale wanaolala mapangoni. Sio kila popo anacho na sisemi wa kwenu wanacho, nasema hujui. Halafu kuna vumbi la kinyesi chao, lina fangasi linaingia kwenye mapafu. Barakoa ile nzuri ya kubana pua, glavu, mikono mirefu, na ukikuta wamejaa geuza. Letu lilikuwa na popo kama sita wadogo chumba cha nyuma na hatukupima kile chumba, kwenye mchoro kimebaki na mstari wa nukta nukta. Sioni aibu.

Vingine haraka haraka: kila mtu taa tatu na simu haihesabiwi, kofia ngumu, mtu mmoja abaki nje anaejua saa ya kuwatarajia na namba ya kupiga, kichwa kikianza kuuma au unahema kama umepanda ghorofa wakati umekaa tu, toka, hewa mbovu hiyo.

Haya kupima. Hapa ndo nilipoumbuka kwahiyo soma vizuri.

Unaweka vituo. Kituo ni alama tu, sisi tuliweka vikokoto na kipande cha utepe tukaviondoa mwisho, usichore rangi ukutani kama wapenzi wa Coco Beach. Kutoka kituo kimoja kwenda kingine unachukua namba tatu: urefu kwa tepu, uelekeo kwa dira, na mwinamo, kwamba unapanda au unashuka digrii ngapi. Halafu umesimama hapo hapo kwenye kituo unachukua nne nyingine, ukuta wa kushoto uko mbali gani, wa kulia, dari, sakafu. Basi, namba saba kwa kila kituo, mmoja anasoma kwa sauti, anaeandika anarudia kwa sauti, kama kondakta na dereva. Andika kwa penseli, peni ikikutana na jasho na tope kaunta buku lote linakuwa bluu.

Tepu nilikuwa nayo ya plastiki ya mita 30, ile ya wapima viwanja, niliipata mkononi kwa mtu kwa bei ya kutupa kwa sababu mita ya kwanza ilishakatika, kwahiyo unaanzia kwenye 1 halafu unatoa. Mwinamo tulitumia protrakta kubwa ya mbao ile ya ubaoni, shemeji ni mwalimu wa hesabu, tukafunga uzi na timazi ya fundi ujenzi (kile kizito kinachoning'inia kwenye uzi) katikati, unachungulia kwenye ule upande ulionyooka kulenga tochi ya mwenzio, mwingine anasoma uzi umekata wapi. Inachekesha ila inafanya kazi. Simu nayo kwa mwinamo iko vizuri tu. Kwa dira siiamini, ina sumaku za spika ndani.

Tukapima vituo tisa. Katikati ya chumba kikubwa kuna nguzo ya mawe, kwahiyo tukaizunguka, ukianza kituo cha tatu unazunguka unarudi cha tatu. Ukifanya hivyo ni kama umepewa majibu ya mtihani, kwa sababu ukichora, mstari wa mwisho lazima urudi ulipoanzia. Nikarudi nyumbani Tabata usiku nikakaa na karatasi ya grafu, sentimita moja kwa mita moja, nachora nachora, mstari wa mwisho ukaishia mita mbili na ushee nje ya kituo cha tatu. Kwa mzunguko wa mita 20. Yani kwa mchoro wangu ile nguzo ilikuwa imefunguka kama mlango.

Nikafikiri tepu, na kweli pia sehemu moja kijana alisahau kutoa ile mita moja. Nikarekebisha, bado. Wiki mbili nasumbuka. Shemeji ndo aliuliza, hivi panga ulikuwa umelivaa wapi? Mkuu, nilikuwa na panga kiunoni, la kufyekea njia, na vituo viwili nilivyosoma nimepiga goti lile panga lilikuwa chini ya mkono ulioshika dira. Nikajaribu hapo hapo sebuleni: nikisogeza panga, mshale unahama digrii 18. Kwenye mita sita hizo ni karibu mita mbili. Digrii moja tu ukikosea kwenye mita kumi unahama sentimita 17, sasa kumi na nane.

Tukarudi. Panga limebaki kwa bodaboda. Timazi nayo ni chuma kwahiyo dira kwanza, timazi baadae, na betri za tochi ya kichwani usizisogeze karibu na dira. Na safari hii kila mstari tukausoma mara mbili, mimi kutoka huku nalenga kule, mwenzangu kutoka kule analenga huku, namba zetu lazima zipishane 180, zikipishana vingine mmoja wetu ana chuma. Mzunguko ukafunga kwa sentimita 22. Nilifurahi kuliko siku Simba wamemfunga Yanga, na mimi ni Simba.

Kuchora wenyewe usisubiri nyumbani, chora ukiwa ndani hata kama unachora vibaya, namba zinakupa mifupa tu. Wapi mawe yameanguka, wapi mchanga, wapi chokaa inaishia na jiwe jekundu linaanza (huu mstari kwenu ndo stori yote, ufuatilie kuta zote), wapi hewa inavuma. Nyumbani ndo unasahihisha. Kumbuka tu tepu iliyoinama sio urefu wa kwenye ramani: mstari wetu mmoja ulikuwa mita 6.4 unashuka digrii 12, kwenye ramani ni mita 6.26 na umeshuka mita 1.33, kosaini na saini zile za sekondari, ndo pa kuzitumia hatimae. Kama una kompyuta kuna programu ya bure inaitwa Therion inafanya hayo yote, ila mara ya kwanza fanya kwa mkono utaelewa unachofanya. Picha piga na taa pembeni, sio ya kwenye simu mbele, na kila picha iwe na kitu cha kipimo, sisi tuliweka rula.

Tulikuta vigae vya vyungu. Vitatu, kwenye kona. Tukapiga picha na rula, tukaweka alama kwenye mchoro, tukaviacha vilipo. Najua mkono unawasha. Lakini vitu chini ya pango vimepangana, cha chini kimetangulia cha juu, na ukishachanganya hakuna atakaevipanga tena. Pango la Kuumbi kule Jambiani, Zanzibar, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba pale 2005, na anachosoma mtu kama yule ni hizo tabaka kwa tabaka. Na kisheria vitu vya kale vina sheria yake tangu 1964, kwahiyo ukikuta chochote kama hicho peleka taarifa Mambo ya Kale, usikiweke kwenye kabati la mjomba.

Jumla letu likatoka mita 43.6. Tukampelekea babu mchoro, nimeutolea kopi kubwa, nikamwonyesha babu hapa ndo mlangoni, hapa nguzo, hapa ndo mwisho. Akaugeuza geuza, akavaa miwani, akasema, "Mmepima njia yenu. Ile yenyewe haijawafungukia." Halafu akaukunja akaweka chini ya godoro, sijawahi kurudishiwa. Na kwa kweli kituo cha tisa kuna ufa wa kupitisha mkono unaotoa upepo wa baridi, nikiweka ule utepe unapepea.

Kwahiyo mkuu: mwambie mjomba choo ahamishie kwingine kabisa, maji machafu kwenye chokaa hayachujwi yanakwenda moja kwa moja kwenye visima vya majirani. Weka ua la miti watoto wasitumbukie. Mchoro ukikamilika uweke hapa tuuone ila ramani ya kufika usiweke, wenye sururu nao wanasoma huu uzi. Tepu yangu ipo, ukitaka kuazima njoo PM (ujumbe binafsi). Usisahau tu unaanzia kwenye 1.