Wakili aliniambia £1,500, bili imekuja £3,744. Nilipe?

SWALI: Habari za kazi, Wakili. Naishi Leicester. Solisita wangu alisema mwanzoni kwamba kazi ya kugawana mali baada ya talaka ingefika kama £1,500 pamoja na VAT juu yake, nikaweka £1,800. Wiki iliyopita imekuja bili ya £3,744, imejaa neno "yuniti" juu mpaka chini. Anadai nimalizie £1,944, na makaratasi yangu yote anayo yeye. Naweza kukataa? Naambatisha bili.

JIBU: Salama, dada. Kabla hujalipa wala kukataa, itafute ile barua ndefu ya masharti uliyotia sahihi siku ya kwanza. Angalia kama imeandikwa makadirio au bei isiyobadilika. Kama ni bei isiyobadilika na kazi haikuongezeka, hapo hakuna mjadala, hudaiwi zaidi. Neno lako "kama £1,500" linanifanya nidhani ni makadirio.

Nimeipitia bili. Yuniti moja ni dakika sita, na wewe unatozwa £240 kwa saa, yaani £24 kwa yuniti. Zimehesabiwa yuniti 130. Kati ya hizo, 41 ni barua pepe, moja moja: £984 kabla ya VAT. Ile ya tarehe 14, "Nimepokea, asante", nayo ni £24. Mimi nafanya kazi hiihii na nakiri kwamba ndivyo saa zetu zinavyohesabiwa, ila barua ya maneno mawili ningeona haya kuitoza. Wapo pia wanaohesabu hata barua zinazoingia kutoka kwako. Kama barua ya masharti haisemi hivyo, zipinge zote.

Lakini usipoteze nguvu kwenye yuniti mojamoja. Hoja yako nzito ni hii: kanuni za SRA, chombo kinachosimamia masolisita wa England na Wales, zinamtaka wakili akupe taarifa bora kadiri inavyowezekana kuhusu gharama, mwanzoni na kazi inavyoendelea pia. Kazi ilipokaribia kuvuka £1,500, alikuandikia? Kama alinyamaza mpaka ikazidi mara mbili, makadirio yale yanambana. Si ahadi, ila si maneno ya barazani pia: ulipanga mfuko wako kwa kuyategemea.

Iandikie ofisi lalamiko rasmi, uombe mchanganuo wa bili na nakala ya kila taarifa ya gharama waliyowahi kukutumia. Wana wiki nane za kukujibu. Wasipokuridhisha, nenda Legal Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko dhidi ya mawakili, ambako hulipi kitu, ndani ya miezi sita tangu jibu lao la mwisho, na usiache mwaka upite tangu jambo lenyewe litokee. Anaweza kuagiza bili ipunguzwe. Watu wetu wengi hukimbilia SRA, lakini SRA kazi yake ni nidhamu, haipunguzi bili ya mtu.

Njia ya pili ni mahakama, chini ya Solicitors Act ya 1974. Ukiomba bili ikaguliwe ndani ya mwezi mmoja tangu uipokee, ni haki yako. Mwezi ukipita, mpaka miezi 12, mahakama ndiyo inaamua ikubali au la. Na hapa pana mtego: bili ikipunguzwa kwa moja ya tano au zaidi (kwako ni £748.80), gharama za ukaguzi kwa kawaida anabeba wakili. Ikipungua chini ya hapo, unabeba wewe. Ndiyo maana ningeanza na Ombudsman, huku jicho likiwa kwenye kalenda.

Kuhusu makaratasi, kwa kawaida sheria inamruhusu kuyashikilia mpaka alipwe. Kama unayahitaji haraka, lipa huku ukiandika wazi kwamba unalipa bila kukubali kiasi hicho. Zile £1,800 hana kosa kuzichukua, mradi bili ilikufikia kwanza; kama zilitoka kwenye akaunti ya wateja, anakotunza fedha ambazo bado ni zako, kabla ya bili, hilo ndilo la kupeleka SRA.

Lalamiko liandike, usipige simu. Na kulishughulikia ni bure: ukiona yuniti zake kwenye bili ijayo, wazifute.