Kirusi kifuani, mbona hakupewa antibayotiki?

Swali: Assalaamu alaykum. Mwanangu wa miezi 5 alilazwa siku 4, akawekewa oksijeni. Daktari kasema ni kirusi, antibayotiki haihitajiki. Sijaelewa.
Mama, Wete, Pemba

Jibu: Waalaykumu salaam, mama, na pole kwa kuuguza. Antibayotiki huua bakteria, virusi haiviwezi. Kwa umri wa mwanao kirusi kinachoongoza kushambulia kifua ni kile kiitwacho RSV. Huvimbisha vijia vidogo vya hewa, na vya mtoto ni vyembamba mno, kamasi kidogo tu huviziba. Ndiyo maana hupumua kwa mluzi na kushindwa kunyonya. Oksijeni humsaidia mpaka mwili ukishinde kirusi wenyewe.

Kikohozi huweza kuendelea hata wiki 2. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Kabla ya ziwa mtie puani matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa. Chetezo cha udi kisiingie chumbani kabisa, moshi humzidishia.

Akitulia, mfunue kifua uhesabu pumzi dakika 1 nzima. Usihesabu nusu ukazidisha, maana pumzi za mtoto hazina mpangilio. Zikifika 50, au chini ya mbavu pakibonyea kila avutapo pumzi, au akikataa ziwa, mrudishe hospitali hata kama ni usiku wa manane.