Kuaga kwa Kisebuano: anza na "una sa ko"

Nilipohamia Cebu, katikati ya Ufilipino, nilikuwa nimekariri neno moja tu la kuaga, "paalam", na jioni ya kwanza nililitamka kwa heshima zote mbele ya mama mwenye nyumba. Aliacha kufagia, akaniuliza kama ninahama. Neno lile ni la Kitagalogi, lugha nyingine ya Ufilipino, tena ni zito, na mimi nilikuwa nakwenda kununua mkate.

Ndiyo maana namshauri kila anayeanza Kisebuano, lugha ya Cebu ambayo wenyewe huiita Bisaya, ashike kwanza "una sa ko", yaani "natangulia kwa sasa". Sisi tunalo hilohilo, kwani anayeondoka barazani mapema husema, "Jamani, natangulia." Adabu yote imo katika "sa", linaloonyesha kwamba kuondoka huku ni kwa muda tu. Mwanamke aliyekuzidi umri muongezee "Nang", mwanamume "Nong": "Una sa ko, Nang." Naye hujibu, "Sige, Dong, amping," maana yake haya kijana, ujiangalie, msichana huitwa "Day". Sauti ya mwisho katika "amping" ni ile ya mwanzo wa neno "ng'ombe", na kwa kuwa tumezoea kumalizia maneno kwa irabu, jizuie usiseme "ampingi".

Ugumu wenyewe uko kwenye "sisi". Kiswahili kina moja, Kisebuano kina mbili: "mi" humwacha nje unayezungumza naye, "ta" humjumuisha. Ukiondoka na mwenzako, sema "una sa mi". Mimi nilimwambia jirani yetu mzee "lakaw na ta", nikidhani ninamuaga, kumbe nimemwambia twende sote. Aliinama akaanza kutafuta ndala zake chini ya benchi, na sikuwa na moyo wa kumrudisha, kwa hiyo tulikwenda naye hadi kituo cha jeepney, magari ya abiria ya huko.

Mahali pazuri pa "ta" ni katika ahadi ya kuonana: "Magkita ra ta puhon." Hapo ni wewe na yeye kwa pamoja, na "puhon" huwekwa pale ambapo sisi tungesema inshallah. Usiiharakishe, wenyeji huitamka polepole, wakikutazama usoni.