"RD-180 imefungwa": barabara au injini?

SWALI: Mwalimu, ninafasiri habari za sayansi za redio. Niliandika: "RD-180 moja imefungwa chini ya roketi ya Atlas V." Mhariri wangu, aliyewahi kuishi Ufaransa, akauliza barabara inafungwaje chini ya roketi. Kisha mtangazaji akaisoma hewani, na wasikilizaji wakasikia "RD-181". Kosa langu ni lipi? (Mfasiri, Dodoma)

JIBU: Ndugu yangu, sarufi hujavunja hata kidogo. Hapo ndipo penye utamu.

Ufaransa, RD ni ufupisho wa "route départementale", barabara inayotunzwa na serikali ya eneo. Kwa Warusi, herufi hizohizo ni ufupisho wa maneno yenye maana ya injini ya roketi. Mhariri wako alikuwa na haki ya kuiona barabara. Kwa kawaida upatanisho wa kisarufi ungemwokoa, lakini barabara na injini zote zimo katika ngeli ya I-/ZI-. Ungekuwa umefikiria mtambo ungeandika "umefungwa", na barabara ingejiondoa yenyewe.

Tena ukachagua kitenzi chenye sura mbili! Polisi wakifunga barabara, safari imekwama; fundi akifunga injini, safari inakaribia kuanza.

Sasa hilo la mtangazaji, ambalo mimi naliona zito zaidi. "RD mia moja themanini moja" na "RD mia moja themanini na moja" zinatofautiana kwa "na" tu, ambayo mtu akisoma haraka huimeza au huiongeza. Na RD-181 si jina la kubuni: roketi ya Antares ilifungwa injini mbili za namna hiyo, ilhali Atlas V hutumia RD-180 moja. Msikilizaji hakusikia upuuzi ambao angeweza kuutilia shaka. Alisikia jina la injini halali ya roketi nyingine. Fikiria pia mtu anayesoma "RS-25 nne" za roketi ya SLS, au "F-1 tano" zilizoinyanyua roketi ya Saturn V. Namba mbili zikifuatana bila nomino katikati, sikio huziunganisha.

Kwa hiyo idadi ishikane na nomino, jina lije baadaye: injini tano za F-1, injini nne za RS-25.

Kuna tofauti nyingine ambayo wafasiri wengi huipita. Namba ya barabara ni jina la kitu kimoja. T1 ya Tanzania ni ileile inayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, ingawa sijawahi kumsikia dereva wa lori akiiita T1. Utasikia "barabara ya Morogoro" au TANZAM. RD-180 ya Warusi ni jina la aina, na injini za aina hiyo ni nyingi. Ndiyo maana "barabara namba 180" inakubalika, lakini "injini namba 180" haifai: kwa mwenye gari yeyote, namba ya injini ni ile iliyogongwa kwenye chuma, ambayo hulingana na iliyo kwenye kadi ya gari. Andika "injini ya aina ya RD-180". (Wafaransa wanaharibu kidogo kanuni yangu, maana kila eneo huzipa barabara zake namba, na RD yenye namba ileile unaweza kuikuta mahali pengi.)

Kistari kisikudanganye. Injini huandikwa nacho na barabara mara nyingi hukikosa, lakini redioni kistari hakisikiki.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Roketi ya Atlas V imefungwa injini moja ya aina ya RD-180." Ukishaitaja injini mara moja, huko mbele "RD-180" peke yake inatosha, mradi usiifuatishe na namba nyingine.